Nilivyomwokoa Tavares Asinunuliwe na Matajiri

Jumatatu, 21 Julai

Gazeti la leo limeniharibia kahawa. Majemadari wa New York wanamtaka Tavares. Tavares wetu.

Yeferson Tavares ni mlinzi wa katikati wa timu yetu ya besiboli, Wahunzi wa Port Gilman. Alikuja kutoka Jamhuri ya Dominika akiwa na miaka kumi na saba, mwembamba kama mpini wa ufagio, hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Tukamlea. Nasema tukamlea kwa sababu mimi ndiye dobi wa timu, na suti yake ya kwanza ya safari nimeipunguza mimi mwenyewe kiunoni. Sasa ana miaka ishirini na mitano na hakuna mpira wa chini unaompita. Na wale wanataka kumchukua kama mtu anayenyoosha mkono kwenye sahani ya mwenzake.

Naandika haya ili atakayelisoma daftari hili nikishakufa aelewe. Majemadari wanalipa wachezaji wao mara nne ya tunavyolipa sisi. Mrushaji wetu wa mkono wa kushoto, walimchukua. Mdakaji wetu, walimchukua. Hata yule mama aliyekuwa anapiga kinanda uwanjani kwetu, walimchukua. Besiboli gani hiyo? Ni sawa na kucheza karata na mtu aliyeruhusiwa kuchagua karata zake.

Dirisha la usajili linafungwa Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 31, saa kumi na mbili jioni. Nina siku kumi.

Mchana Verna Teague akaja kuchukua mapazia yake. Mwalimu wa hesabu mstaafu, mwenyekiti wa chama chetu cha mashabiki. Mimi ni makamu wake, kwa tofauti ya kura tatu ambazo bado nina mashaka nazo. Nilipomwonyesha gazeti akasema tatizo halipo New York, tatizo ni Hargrove. Yaani mwenye timu yetu. Eti Ligi inazikata timu tajiri fedha kila mwaka na kuzigawa kwa timu ndogo ili nazo zinunue wachezaji, Hargrove anapokea mgawo wake, na hajanunua mchezaji wa maana tangu paa la uwanja lilipopakwa rangi.

Nikamwambia Bwana Hargrove ni muungwana. Akaniuliza kama nasema hivyo kwa sababu ya kadi ya maegesho aliyonipa.

Kadi ya maegesho haihusiani kabisa. (Ni Eneo A. Hatua arobaini tu hadi mlangoni.)

Kabla hajatoka akasema mkutano wa Alhamisi hii utakuwa wa mjadala: je, timu zenye fedha nyingi zinaua ushindani? Mimi nitetee upande wangu, yeye wake, wanachama wapige kura. Nimekubali. Masikini Verna. Namwonea huruma.


Jumanne, 22 Julai

Mpango wa kwanza: Tavares aupende mji huu kiasi kwamba akiitwa New York alie.

Kila Jumanne analeta suti zake dukani. Nikaona nimpikie chakula cha kwao. Nimesikia wanaponda ndizi asubuhi, wanaita mangú, na kuweka vitunguu juu. Lorraine, mke wangu, alikataa kushiriki, akasema yeye hapiki kitu asichojua jina lake. Nikapika mwenyewe, jikoni kwetu juu ya duka. Ndizi sita, siagi, vitunguu vya siki. Harufu ilikuwa ya kutatanisha lakini nikajua ndivyo ilivyo.

Tavares akala vijiko viwili. Kijana wa adabu sana. Akaniuliza kwa heshima ya kwao, "Don Norberto, hizi ndizi umezinunua wapi?" Nikamwambia kwenye duka la pembeni, zile za njano, tamu kabisa. Akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Akasema kwao wanatumia zile kubwa za kijani ambazo hazina sukari, lakini hii pia ni nzuri kwa namna yake.

Kisha akavua koti na kuomba nimwachie nafasi kidogo begani, upande wa kulia. Majira ya baridi alibeba vyuma sana, misuli imeongezeka. Nikampima. Inchi moja kamili.

Wakati napima nikamuuliza, kama mtu asiye na haja, kama anapenda kukaa Port Gilman. Akasema anapenda. Ameona nyumba karibu na ziwa na angependa kumleta mama yake. Ila tangu mwezi wa tatu hakuna mtu wa ofisini aliyezungumza naye habari za mkataba. Akipita kwenye korido wanaangalia simu zao.

Mimi nilishasikia nilichotaka. Anapenda kukaa! Mpango umefaulu, ndizi au si ndizi.

Lorraine ameimwaga iliyobaki. Sufuria limelowekwa.


Alhamisi, 24 Julai

Mjadala. Ukumbi wa kanisa la Mtakatifu Kazimiri, watu hamsini na mmoja, feni moja.

Nilianza mimi. Nilikuwa nimebeba mabakuli mawili, moja kubwa limejaa karanga, moja dogo lina karanga saba. Nikasema hili kubwa ni New York, hili dogo ni sisi. Wakikosea wao, wakimnunua mchezaji akawa mbovu, wanachota mwingine. Sisi tukikosea mara moja tunakaa miaka mitano tunangoja kijana akue. Na akishakua wanakuja na bakuli lao. Nilisema vizuri, najua nilisema vizuri, kwa sababu hata Verna aliandika kitu.

Kosa langu ni kwamba niliacha bakuli dogo karibu na Bwana Pruitt wa safu ya mbele, na nilipolirudia kwa ajili ya hitimisho lilikuwa tupu. Watu wakacheka. Nikasema hiyo ndiyo hali halisi. Wakacheka zaidi.

Verna akasimama na karatasi moja tu. Akasema makamu mwenyekiti ana haki nusu. Fedha zinasaidia: timu tajiri huingia kwenye mtoano karibu kila mwaka, na masikini huingia kwa kubahatisha. Lakini akasoma mabingwa wa miaka ishirini iliyopita, na Majemadari walikuwemo mara moja tu, pamoja na bakuli lao. Mwaka juzi walitolewa na timu inayolipa robo ya wanavyolipa wao. Kisha akasema kuna timu ndogo zinazopokea mgawo na kuutumia, zinajenga vituo vya vijana, zinawapa wachezaji wao mikataba mapema kabla hawajawa ghali. Na kuna timu ndogo zinazopokea mgawo na kukaa kimya.

"Ndugu zangu," akasema, "mtu akikuibia kuku, mlaumu. Lakini kama banda lako halina mlango na fundi alishalipwa, muulize kwanza mwenye banda."

Wakapiga makofi mpaka feni ikawa haisikiki.

Kura: yeye arobaini na mbili, mimi tisa. Nimehesabu nyuso za wale tisa na ya Lorraine haimo. Nilimuuliza tukiwa njiani. Akasema kura ni siri. Nikamwambia alinyoosha mkono. Akasema basi si siri tena, na mjadala uishie hapo.

Bwana Pruitt alinipigia kura. Nadhani ni kwa sababu ya karanga.


Ijumaa, 25 Julai

Majemadari wamefika mjini kwa michezo mitatu. Basi lao lina vioo vyeusi. Hata basi lao linatudharau.

Mpango wa pili, na huu nimeutoa kichwani mwangu mwenyewe saa nne asubuhi nikiwa napiga pasi. Nani ananunua mtu mgonjwa? Hakuna. Kwa hiyo Tavares akiwa na bega bovu, hata la uvumi tu, Majemadari wataondoa mkono. Dirisha litafungwa. Bega litapona. Kila mtu atafurahi.

Duane Purdy ana kipindi cha michezo redioni mchana, mashabiki wanapiga simu. Nikampigia kutoka nyuma ya duka, taulo mdomoni. Nikajitambulisha kama Stan wa Mtaa wa Elm. Nikasema nina habari kutoka kwa mtu wa karibu sana na Tavares, anayemshonea nguo, kwamba koti lake limeongezwa inchi nzima begani upande wa kulia, na mwenye akili ataelewa uvimbe ni nini.

Duane akasema, "Stan, ndugu yangu, hiyo ni habari kubwa." Moyo wangu uliruka. Miaka ishirini nampigia kama Norbert na hajawahi kuniambia hivyo.

Jambo dogo: mashine ya pasi ilitoa mvuke wakati naongea. Ilipiga mluzi ule wake.

Jambo la pili: Lorraine alikuwa jikoni na redio. Aliposhuka akasimama mlangoni akaniangalia kwa muda. Akauliza kama Stan wa Mtaa wa Elm naye ni dobi.

Nikamwambia mji huu una madobi wengi.

Akasema una wawili, na wa pili anaitwa Mei-Ling.


Jumamosi, 26 Julai

Ukurasa wa kwanza wa michezo: MASHAKA KUHUSU BEGA LA TAVARES. Mwandishi anasema Majemadari "wanaitafakari upya hali." Wanaitafakari! Mtu mmoja, taulo moja.

Nimekwenda uwanjani jioni kama mfalme. Nimeegesha Eneo A. Tavares alipiga mara mbili na kurusha mpira kutoka magotini hadi kituo cha kwanza kama anatupa leso. Bwana Pruitt, aliyekaa kando yangu, akasema kwa mtu mgonjwa huyu anajitahidi. Nikamwambia maumivu ni kitu cha ndani.

Tumefungwa saba kwa mbili lakini siyo hoja.


Jumapili, 27 Julai

Tumewafunga Majemadari! Tatu kwa mbili, zamu ya tisa na ya mwisho, Tavares yule yule. Mpira ulitoka nje ya uwanja upande wa ziwani, na mrushaji wao, anayelipwa peke yake karibu sawa na timu yetu nzima, akabaki anaangalia viatu vyake.

Nilimkumbatia Verna kwa bahati mbaya. Akaniambia huo ndio ushahidi wake, hela zao zote hazikuzuia mpira mmoja. Nikamwambia huo ndio ushahidi wangu, ndiyo maana wanataka kumnunua. Tukabishana mpaka maegesho. Ilikuwa siku nzuri sana.

Redio ya gari njiani kurudi nyumbani inasema Majemadari wamemnunua mlinzi mwingine kutoka pwani ya Magharibi. Hawamtaki tena wetu. Nimemwokoa. Niandike tena: nimemwokoa.


Jumatatu, 28 Julai

Sijisikii vizuri.

Tavares alikuja dukani bila suti. Akakaa kwenye kile kiti cha wateja, kofia mapajani. Akasema tangu Ijumaa klabu imempeleka kupigwa picha za bega mara tatu. Bega zima. Daktari ameandika zima. Lakini timu zilizokuwa zinamuulizia zimeanza kusema labda Port Gilman wanaficha kitu, kwa nini wapige picha mara tatu kama hakuna kitu.

Nikasema pole sana.

Akasema hilo si kubwa. Kubwa ni mama yake. Habari zimefika redio ya kwao Baní, na kule zilipofika zilikuwa zimekua. Jirani alimwambia mwanao mkono umekufa, hatarusha tena. Mama amelia siku mbili. Hamwamini akimwambia mzima, anadhani anamficha.

"Mtu gani anafanya hivyo, Don Norberto?" akauliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Nikamwambia sijui. Nikamwambia dunia ina watu wa ajabu. Kisha nikamwambia suti zake za mwezi huu nitamfulia bure.

Alipotoka nilikaa nyuma ya mashine mpaka shati la Bwana Pruitt likaungua kola.

Jioni Verna akaja. Hakuwa na nguo ya kuchukua. Akasema amefundisha hesabu miaka thelathini na nne, na mtu akiandika "mshona nguo," "inchi moja" na mvuke kwenye karatasi moja yeye hahitaji kikokotoo. Akaniambia niende nikamwambie Hargrove ukweli kabla ya Alhamisi, Hargrove azitangazie timu nyingine.

Nilitaka kubisha. Nikajikuta nasema nitakwenda. Kumkubalia Verna hutokea mara chache na sikupenda.


Jumatano, 30 Julai

Nimekwenda kwa Bwana Hargrove. Tai, viatu vilivyong'arishwa, hotuba kwenye kadi tatu.

Ofisi yake ina dirisha linaloangalia uwanja, lakini kiti kimegeuzwa upande wa ukutani, kwenye picha ya boti yake. Nikasoma kadi zote tatu. Nikasema mimi ndiye Stan.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akasema nimemgharimu. Majemadari walikuwa wanatoa vijana wanne wa kubadilishana na Tavares, mmoja wao mrushaji anayezungumzwa nchi nzima. Sasa timu iliyobaki mezani inatoa kijana mmoja.

Nikamwambia lakini si lazima amuuze, bwana. Bega ni zima. Amwite mezani, ampe mkataba, kijana anataka kukaa, ameniambia mwenyewe akiwa bila koti.

Hargrove akaniangalia kama mtu anayeangalia doa. Akasema, "Bwana Wasik, niliamua kumuuza tangu mwezi wa tatu. Naiuza timu. Timu yenye mishahara midogo inauzika vizuri."

Nikauliza, na mgawo wa Ligi je? Neno lilinitoka tu, ni la Verna.

Akasema mgawo umefanya kazi yake. Macho yalikwenda kwenye picha ya boti na kurudi. Kisha akanyoosha mkono. Nilidhani ni wa kuagana, nikaushika. Alikuwa anataka kadi ya maegesho.

Nimekwama nje kwa sababu gari lilikuwa Eneo A na geti halifunguki bila kadi. Nimempigia Lorraine aje azungumze na mlinzi wa geti. Amezungumza naye dakika mbili. Sijui alimwambia nini. Mlinzi alinipigia saluti ya huzuni.


Alhamisi, 31 Julai

Chama kizima tulikaa ukumbini kusikiliza redio. Saa kumi na moja na dakika arobaini Duane akatangaza.

Tavares ameuzwa. Omaha.

Mwanzoni sikuelewa. Omaha? Wapandafarasi wa Omaha? Wanalipa kidogo kuliko sisi. Uwanja wao una viti vya mbao upande mmoja. Lakini wako nafasi ya pili, wanatafuta mlinzi, na kwa bei iliyoshuka kwa sababu ya bega wameweza kumudu. Duane akasema tayari wamempa mkataba wa miaka sita. Timu masikini kuliko sisi imefanya ndani ya saa moja kile ambacho yetu haikufanya tangu mwezi wa tatu.

Bwana Pruitt alikuwa anajifuta macho kwa karatasi ya sambusa zake za kabichi. Mtu mmoja nyuma akasema kama si yule Stan, Majemadari wangekuwa wamempata na sisi tungekuwa na vijana wanne. Mwingine akasema akimkuta Stan atamlisha redio yake.

Verna alikuwa mbele yangu. Alikuwa anajua. Nikangoja aseme. Akafunga karatasi zake, akasema Stan ni mpumbavu, lakini si Stan aliyemwacha kijana kwenye korido miezi mitano. Kisha akaomba tuimbe wimbo wa timu.

Tukaimba. Sijawahi kumpenda Verna kama wakati ule, na sitasema hivyo tena.


Ijumaa, 1 Agosti

Tavares alikuja kuchukua suti zake. Ndege saa nane.

Nilikuwa nimepanga kumwambia akiwa mlangoni, haraka, ili nisione uso wake. Lorraine akafunga mlango wa duka na kugeuza kibao. Akasema, "Norbert ana neno." Akabaki amesimama hapo hapo.

Nikamwambia. Taulo, simu, inchi moja, yote. Nikamwambia nilitaka abaki. Nikamwambia niliogopa bakuli kubwa. Hapo alionekana kutoelewa, na sikumlaumu.

Aliiangalia suti yake ya kijivu kwenye nailoni. Nilidhani atanipiga na nikavua miwani, kwa sababu ni mpya.

"Mimi nimeshapata timu," akasema mwishoni. "Mimi niko sawa. Lakini mama yangu hajalala siku sita. Utamwambia wewe."

"Mimi? Sijui Kihispania."

"Nitatafsiri. Sauti iwe yako."

Akapiga simu, akaiweka juu ya kaunta. Mama alipokea kabla mlio haujaisha. Nikasema jina langu, kazi yangu, na kwamba bega la mwanawe ni zima na aliyesema uongo ni mimi. Tavares akatafsiri, sauti haikupanda wala kushuka.

Kisha mama akaanza. Sijawahi kusemwa hivyo katika lugha yoyote. Dakika kumi na moja. Tavares alianza kutafsiri, akaacha. Lorraine, ambaye hajui neno moja la Kihispania, alikuwa anaitikia kwa kichwa kila sentensi.

Mwishoni mama akapumua. Akauliza kitu kifupi. Tavares akasema, "Anauliza kama nilikuwa nakula vizuri huku."

Nikasema nilimpikia mangú. Akauliza ya ndizi gani. Nikasema za njano, tamu. Halafu kule Baní mama akaanza kucheka, na kucheka kule kukageuka kilio kidogo, na kilio kikarudi kuwa kicheko. Tavares naye akaanza. Akafuta macho kwa mkono ule wa kulia.

Amenishika mkono akiondoka. Alibana sana. Bega halina tatizo lolote.

Baada ya hapo Lorraine alinitengenezea chai bila kuombwa. Nimekaa nikafikiri. Nimefikiri sana leo. Nimeelewa mambo mengi kuhusu fedha, matajiri, wenye timu, na mimi mwenyewe. Nitayaandika kesho nikiwa na nafasi.


Jumamosi, 16 Agosti

Nimekosa nafasi ya kuandika, na sasa hakuna haja, kwa sababu kila kitu kimebadilika.

Hargrove ameuza timu! Mwenye timu mpya ni Bi Prudence Lindqvist, aliyetajirika kwa chakula cha paka, na utajiri wake, Duane anasema, ukiuweka kando ya ule wa wenye Majemadari, wao wanaonekana kama watu wa kukopa chumvi kwa jirani. Ametangaza kwamba kuanzia mwakani Wahunzi watalipa mishahara mikubwa kuliko timu yoyote Ligini. Yoyote.

Nimefurahi hadi nimempigia pasi Bwana Pruitt kola mpya.

Nimekuwa nikilitafakari suala hili la fedha na nadhani watu hawalielewi vizuri. Mtu akiwa na chake, ana haki ya kukitumia. Watazamaji wanataka nyota, nyota wanataka kulipwa, ubaya uko wapi? Kelele za kuweka kikomo cha mishahara ni wivu tu wa watu wasiojua kuendesha timu. Nilimweleza Verna hayo alipoleta koti. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaniuliza kama nakumbuka karanga. Nikamwambia mfano ule ulikuwa wa wakati ule.

Imefika pia barua kwenye chama kutoka kwa makamu mwenyekiti wa mashabiki wa Omaha, fundi viatu. Barua ya kulalamika kurasa nne. Eti wamesikia Bi Lindqvist anamtaka mrushaji wao, waliyemlea tangu akiwa na miaka kumi na sita, eti ushindani unakufa, eti timu ndogo zifanye nini. Nimemjibu kwa upole lakini wazi. Nimemwambia hakuna anayewazuia kutafuta mtu wao wa chakula cha paka. Nimemwambia pia aache kulialia, haipendezi kwa kiongozi.

Jioni nimemwandalia Bi Lindqvist orodha ya ushauri, bure, kama mtu anayeujua mchezo. Wachezaji wawili bora kutoka kila timu. Mrushaji wa Omaha yumo. Wa Tulsa wamo. Majemadari nimewachukulia watatu, kwa ajili ya heshima. Zimejaa karatasi mbili mbele na nyuma.

Lorraine ameisoma yote, kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akauliza: tukishawanunua hawa wote, tutacheza na nani?

Nimemwambia hilo ni suala la Ligi.